Besi Yangu na Chujio la Kijani

Kinanda kililetwa mazoezini kimefungwa blanketi, kama mgonjwa. Mwenyewe alikibeba kwa mikono miwili, akapita katikati ya makreti ya soda yaliyopangwa kwenye ua wa baa, akakilaza juu ya meza ya kupigia pasi, akachomeka waya na kuanza. Mkono wa kulia ulipiga mapambo. Mkono wa kushoto ulipiga besi.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, besi yangu ikining'inia begani. Wimbo ule niliujua. Noti alizokuwa akizipiga kwa mkono wa kushoto zilikuwa zangu, ila zake zilitoka nene na zimenyooka, zote sawasawa, kama matofali. Nilitafuta pa kuingia sikupaona. Mguu wangu ukaanza kugonga sakafu, na mguu huo ukishaanza huwa siuwezi.

Baa ilikuwa Luzira, upande wa Kampala ulio kando ya ziwa, si mbali na kwetu. Asubuhi haikuwa na wateja, kwa hiyo mama mwenye baa alituachia ua tufanye mazoezi, nasi tukamtumbuizia watu wake Jumamosi. Tulikuwa watano. Kiongozi tulimwita Shefu. Alikuwa Mkongo, mpiga gitaa la solo, mtu mzima ambaye mashati yake yalinyooka hata siku ya mvua. Kulikuwa na dada mmoja aliyeimba, mpiga dramu ambaye alikuwa Mganda wa hapo hapo Luzira, mpiga gitaa la ridhimu ambaye wazazi wake walitoka Kenya kama wangu, na mimi. Mwenye kinanda alikuwa wa sita.

Shefu alingoja wimbo uishe. Kisha akasema amepata kazi katika hoteli moja ya Nakasero, kila Ijumaa jioni, wakati wageni wanakula. Jukwaa lao lilikuwa dogo. Walitaka watu watano, asizidi hata mmoja.

"Kinanda iko na besi ndani yake," alisema, akijifuta mikono kwa leso. "Mutu moja, kazi mbili. Lakini mimi siwezi kutupa mutu bila kumusikia. Wiki inayokuja, Jumatano, nitawasikia wote. Kisha nitasema."

Alisema wote, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Ya wengine pia.

"Bulaza, ndugu yangu, umepata likizo," alisema mpiga dramu, akiwa bado ameshika vijiti vyake. Dada mwimbaji akamwambia anyamaze. Mpiga ridhimu aliweka gitaa lake chini. Alinisogelea, akaushika waya wangu pale unapoingia kwenye besi, akautikisa, nao ukakwaruza.

"Kwanza tengeneza hii," aliniambia polepole. "Ukisikika unakwaruza siku hiyo, utakuwa umemsaidia kukufukuza."

Ni yeye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Old Kampala aliyekuwa akiuza vyombo vya umeme vilivyotumika. Kabla ya hapo sikuwahi kuingia duka lile.

Kinanda hakikuwa kigeni kwangu. Kanisani kwetu, kanisa la watu waliokuja kutoka Kenya kufanya kazi gatini na madukani, nilikuwa mpiga besi tangu nilipomaliza darasa la saba. Sikuendelea na shule. Nilikuwa mtu wa kusimama nyuma, karibu na ukuta, na besi ilinifaa kwa sababu hakuna anayemtazama mpiga besi. Halafu wafadhili wakaleta kinanda. Mchungaji alinipa besi niende nayo nyumbani. Alisema isije ikaliwa na panya stoo. Alisema kwa upole sana, na nikatoka kwa mlango wa nyuma huku ibada ikiendelea, na besi ya kinanda ikinifuata mpaka barabarani.

Kwa hiyo nilijua kilichokuwa kinakuja. Katika bendi ya Shefu nilikuwa na mwaka mmoja hivi, na sidhani nilikuwa nimesema zaidi ya "ndiyo, Shefu" na "sawa, Shefu." Yeye alikuwa na lalamiko moja tu juu yangu. "Weye unapiga sawa na mutu anapita karibu na mutoto amelala," aliniambia mara nyingi. "Nani amelala hapa?" Nilijaribu kupiga kwa nguvu zaidi. Nikipiga kwa nguvu nilikosea, na nikikosea nilirudi chini.

Duka la mzee lilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya Wahindi, na mbele yake alikuwa amepanga pasi, redio, na mashine za kusaga matunda, zote zikiwa zimefungwa waya zake shingoni. Ukoo wake ulikuwa pale tangu zama za wafanyabiashara waliotoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri cha kusikiliza. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, kofia kichwani, akifunua redio kwa bisibisi.

"Kijana, umebeba nini hicho mgongoni? Maiti?"

"Besi, mzee. Gitaa."

"Nani anaipiga?"

"Mimi."

"Wewe?" Alinitazama toka miguu mpaka kichwa. "Haya. Karibu. Sema shida yako, na useme kwa sauti, kuna redio humu zinaongea kukuzidi."

Nilimwonyesha waya. Akaukata mwisho wake, akauchoma upya kwa risasi ya moto, akaurudisha kwenye mkono wangu kabla sijamaliza kutafuta maneno. Nilipomshukuru akaniambia ningoje. Aliingia ndani akarudi na katoni lililokuwa limelowa pembeni, akaliweka chini miguuni pangu.

"Hivi vilikuja katika kontena, humo humo na pasi. Mwanangu anasema ni vya cherehani, kwa sababu unakanyaga. Lakini niambie, cherehani gani ina tundu la waya kama huo wako?"

Ndani kulikuwa na visanduku vya chuma, vizito, vilivyochubuka rangi. Nilipiga magoti. Niliwahi kuviona kwa mbali, miguuni mwa mpiga gitaa wa bendi moja kubwa iliyokuja kupiga uwanjani. Sikuwa nimewahi kushika hata kimoja.

"Ni pedali, mzee. Zinabadilisha sauti."

"Zinaibadilisha iwe nini?"

Sikujua. Alicheka. Akasema yeye hauzi kitu asichokijua, maana mteja akimuuliza kinafanya nini, atajibu kinafanya ajuavyo Mungu? Akanipa shughuli. Nikae pale dukani, nivijaribu vyote, nimwambie kipi kizima na kipi kimekufa na kila kimoja kinafanya nini. Nikimaliza, nitachagua kimoja nitoke nacho siku moja niitakayo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya maduka yale: kitu kinajaribiwa mbele ya macho ya watu, kinawaka, kinalia, ndipo kinauzwa.

Alinifungulia spika ya zamani iliyokuwa ya gramafoni, akanitafutia betri ndogo za mraba, akarudi kwenye redio yake.

Cha kwanza kilikuwa na umbo la kiatu. Ukikanyaga mbele sauti inafunguka na kuwa kali, ukikanyaga nyuma inafumba na kuwa nzito. Kilikuwa kizima. Lakini mguu wangu haukukiachia nafasi, ulikipeleka mbele na nyuma bila mpango, na besi ikaongea kama mtoto mwenye ugali wa moto mdomoni. Mama mmoja aliyekuja kununua pasi alisimama mlangoni.

"Mzee, umenunua ng'ombe?"

"Ana mafua," alijibu mzee. "Tunamtibu."

Niliona aibu, nikakivua waya. Cha pili kilizungusha sauti polepole, kama maji unapoyakoroga kwenye karai, na nikakisikiliza mpaka kichwa kikaanza kuzunguka nacho. Vingine viwili vilikuwa vimekufa. Cha mwisho kilikuwa cha kijani, hakikuwa na cha kukanyaga ila kitufe cha kuwashia, na juu yake vifungo viwili vya kuzungusha. Maandishi yake yalikuwa yamefutika isipokuwa neno moja.

"Filta," nilisoma.

"Kama ya gari?"

"Labda inachuja sauti, mzee."

"Na makapi yanakwenda wapi?"

Nilikiwasha. Besi yangu ikazama. Sauti yote ya juu ilipotea, kikabaki kitu cha chini, kizito, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka gubigubi. Nilipiga uzi mmoja baada ya mwingine na kila mmoja ukazama vile vile. Nilizungusha kifungo kidogo, hakuna. Nikamwambia mzee nacho kimekufa.

Hakuinua macho. "Unakipiga vipi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida yako naisikia. Marehemu mama yangu alikuwa na kifumbu cha kuchujia nazi, cha ukili, alikuja nacho kutoka kwao pwani. Ukitia nazi ndani ukakishika hivi kwa vidole viwili, kinakudondoshea maji. Watu wanadhani nazi ni mbovu. Mama anasema, kamua. Ukikamua ndipo tui linashuka, zito. Sasa wewe hujakamua hata kidogo, unamwambia mtu chujio limekufa."

Nikapiga uzi wa chini kwa nguvu, kwa hasira kidogo. Kile kisanduku kikafunguka. Noti ilianza imefumba, ikapanua mdomo, ikasema *wau*, ikafumba tena. Redio zilizokuwa karibu zilitetemeka vioo. Nikapiga tena, ikasema tena. Nikaelewa sasa: hakikutaka mguu, kilikuwa kinasikiliza vidole. Ukikipa nguvu kinafunguka, ukikinyima kinabaki kimejifunika.

"Umeona?" alisema mzee, akitabasamu na bisibisi yake. "Sasa punguza, wanakaribia kuadhini."

Hapo ndipo ilipoanzia taabu yangu, ingawa wakati huo niliiona kama bahati. Msikiti wa mtaani ulikuwa nyumba chache tu kutoka dukani, na kanuni ya mzee ilikuwa moja. Mwadhini akianza, redio zote zinazimwa. Akitoka kwenda kuswali aliniacha mlangoni kulinda duka, na alipenda niendelee na kazi, ila aliniambia, "Cheza, lakini nisikusikie nikiwa kwenye safu." Na siku nzima, hata nje ya sala, majirani walikuwa wazee, na kulikuwa na madrasa ya watoto nyuma ya ukuta. Hakuna mtu wa mtaa ule aliyepiga kelele dukani mwake. Nami nilikuwa mgeni, na kijana, na si wa dini yao. Niliteremsha sauti.

Lakini nikiteremsha vidole, chujio linafumba. Ndipo nikagundua kazi ya kifungo cha kwanza: kilikuwa ni sikio la kile kisanduku. Ukikizungusha kulia, kinasikia hata mguso mdogo. Nilikizungusha karibu mpaka mwisho, na nikaweza kupiga kwa ncha za vidole, sauti ya kuishia pale pale kwenye kigoda, na bado kila noti ikafungua mdomo. Ilikuwa kama kukipata kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Sikutulia. Nilikuwa nikifika kabla mzee hajafungua, nazunguka mtaa, napita mbele ya shule, narudi, bado hajafungua, nazunguka tena. Nikishakaa sikuweza kuviacha vile vifungo. Kila nilipopata sauti nzuri niliwaza kwamba unywele mmoja kulia iko nzuri zaidi, nikazungusha, nikaipoteza ile ya kwanza. Mzee alipochoka aliomba rangi ya kucha kwa binti yake akaniletea kichupa.

"Weka alama. Ukiendelea kukizungusha hivyo kitang'oka, na mimi bado sijakiuza."

Niliweka tone jekundu kwenye kila kifungo. Baada ya hapo vidole vyangu vikatafuta kitu kingine. Niligundua kwamba chujio linavisema. Kidole cha shahada kilikuwa dhaifu kuliko cha kati: kimoja kilisema *wau*, cha pili kilisema *u*. Mwaka mzima nilikuwa nikipiga hivyo na hakuna aliyejua, hata mimi. Nilikaa nikilisha kidole kile kidhaifu, noti moja moja, mpaka mzee akaniuliza kama wimbo huo una mwisho.

Nyumbani nilipiga besi kavu, bila spika, nikiwa kitandani, huku mdomo ukitoa zile sauti. Mama alisimama mlangoni na bilauri.

"Unaumwa meno?"

"Hapana, Mama."

"Basi funga mdomo, ule. Baba yako ameuliza kama utakwenda naye gatini kutafuta kibarua. Nimjibu nini?"

"Mwambie baada ya Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

 Nilikula nimesimama, nikatoka kwenda kutazama meli inayobeba mabehewa ya treni, sikuitazama, nikarudi.

Jumatano nilichukua kile cha kijani kutoka kwa mzee, kimefungwa kwenye gazeti. Alinikabidhi kwa mikono miwili. "Wakikuuliza kimetoka wapi, waambie. Sisi tunakula kwa midomo ya watu."

Uani kwenye baa walikuwa wameshafika wote. Mwenye kinanda alipiga kwanza. Alikuwa kijana mpole, alinisalimia kwa mkono, akaniuliza habari za nyumbani, na nilitamani asingekuwa mpole. Walipiga nyimbo mbili pamoja naye, wao wanne na yeye, mkono wake wa kushoto ukishika chini na wa kulia ukipamba. Besi yake haikutetereka hata mahali pamoja. Shefu aliitikia kwa kichwa mara nyingi.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilikiweka kisanduku chini, nikahakikisha matone mekundu yako mahali pake, nikachomeka. Mpiga dramu akahesabu, tukaingia.

Dramu, magitaa mawili, na sauti ya dada. Nilikuwa nimesahau uzito wake. Kwa siku zote zile nilikuwa nimepiga peke yangu, chini ya sala za watu, na sasa vidole vyangu vyenyewe vilitafuta nguvu ili visikike, na kile kisanduku, kilichofundishwa kusikia hata mguso, kikasikia makelele. Kilifunguka kwenye noti ya kwanza na hakikufumba tena. Hakukuwa na *wau*. Kulikuwa na mlio mmoja mwembamba, mrefu, wa puani, unaopanda na kushuka juu ya wimbo wote.

"Bannange, jamani, bata ameingia," alisema mpiga dramu, bila kuacha kupiga.

Dada alicheka katikati ya mstari wake. Niliinama, nikageuza kifungo cha sikio kushoto, kupita alama. Sasa kikataka nguvu kubwa. Nilikipa, kikafunguka, nikaogopa nikapunguza, kikafumba, na besi ikapotea kabisa chini ya dramu. Nikainama tena. Nikageuza kulia. Bata akarudi. Jasho lilikuwa linanidondokea kwenye nyuzi.

Shefu aliinua mkono. Wakaacha.

"Mpiga besi hainami inami sawa na mutu anaokota maharage," alisema. "Toa ile kitu. Piga bule, bila kitu, tusikie."

Nilijua nikikitoa nitapiga vile vile nilivyopiga mwaka mzima, na jibu lake alikuwa nalo tayari. Mpiga ridhimu alikuwa amesimama upande wangu kama kawaida, na alikuwa anaangalia nyuzi zake ili asiniangalie mimi. Mwenye kinanda alikuwa amekaa juu ya kreti. Wote walikuwa wanangoja niuchomoe waya, na mkono wangu ulikuwa umeshaushika.

"Shefu," nilisema. "Punguzeni ninyi."

"Unasema nini?"

"Pigeni chini. Wote. Ule wimbo wa polepole. Mimi nitapiga hivi hivi, lakini ninyi mpige chini."

Mpiga dramu aligeuka kwenye kiti chake. "Sebo, bwana, dramu haipigwi chini. Ina ngozi, inalia."

"Unaweza kupiga ukingo," nilisema. Sikujua nilikokuwa nayatoa maneno hayo. "Hoteli watu wanakula. Hawawezi kula na dramu hiyo."

 Nadhani ni neno hoteli lililomgusa Shefu, kwa sababu aligeuka akaiangalia dramu kama hakuwahi kuiona. Kisha akateremsha kiganja chake, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, na mpiga dramu akashusha pumzi na kugeuza kijiti.

Nilirudisha vifungo kwenye matone. Tukaanza wimbo wa polepole. Dramu ilikuwa ukingo tu, tik, tik. Magitaa yalikuwa kama mvua iliyo mbali. Nami nikapiga kama nilivyopiga dukani mwadhini akiwa ameshamaliza, kwa ncha za vidole, na kila noti ikafungua mdomo na kuufumba, vidole vyote viwili sawa. Sikuhitaji kupigana na mtu. Dada alishusha sauti yake ili asinifunike, na sauti yake ya chini ilikuwa nzuri kuliko ya juu, jambo ambalo hatukulijua. Mama mwenye baa alitoka jikoni akiwa ameshika kisu na kitunguu, akasimama.

Wimbo ulipoisha Shefu aligeuka. Alimwita mwenye kinanda. "Kuja. Mukono ya kuume tu. Ya kushoto weka ku mufuko."

Tukapiga tena, sita. Katikati ya wimbo, bila kuacha gitaa lake, Shefu akasema, "Ridhimu, pumuzika kidogo."

Mpiga ridhimu akaweka kiganja juu ya nyuzi zake. Tukaendelea bila yeye. Mkono wa kulia wa kinanda ulikuwa mahali pake, ukifanya kazi yake, tena kwa unyenyekevu. Nilisikiliza nikitafuta shimo. Halikuwepo. Mpiga ridhimu pia alikuwa akisikiliza, kichwa kimeinama, na nilimwona anaelewa kabla wimbo haujafika mwisho. Kwa wiki nzima hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Sote tulihesabu kuwa mtu wa sita ni mimi.

Shefu alizungumza naye pembeni, karibu na makreti, mkono begani. Haikuchukua muda. Jumamosi za baa zingebaki zake, alisema. Ijumaa za hoteli ndizo hazina nafasi.

Nilimkuta akifungua nyuzi kidogo ili zisivutike gitaa likiwa kwenye mfuko. Nilitaka kumsaidia na hakukuwa na cha kusaidia.

"Pole, kaka."

"Pole ya nini? Umepiga vizuri. Shika huku nikunje waya." Nikashika. Alikunja mizunguko mikubwa kwa kiwiko na kiganja, kama anavyokunja kila siku. "Mwaka mzima umenyamaza," alisema. "Siku moja unafungua mdomo, mimi natoka kazini."

Akacheka. Alicheka kweli, hakuwa ananichoma, na kicheko kile kilinisumbua kuliko kama angenitukana.

"Ijumaa mnaanza saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili."

"Nitapita nisikie. Nitasimama huko bustanini, sitaingia. Sina shati la hoteli."

Sikwenda nyumbani. Nilipanda mpaka Old Kampala kumwambia mzee, na alifurahi, akaniambia nibaki nacho kile cha kijani mpaka atakapotokea mnunuzi, na kwamba mnunuzi akitokea atamleta hotelini akisikie kwanza. Kabla ya sala ya jioni nilikuwa nimeshatoka tena, natembea tu, napita barabara ambazo sikuwa na shughuli nazo. Nilijiambia kwamba sikumchagua mimi. Nilijiambia kwamba angeweza kuwa mimi, na kwamba yeye mwenyewe alinionyesha njia ya kwenda kwa mzee. Yote yalikuwa kweli na hayakunituliza.

Ijumaa jukwaa lilikuwa dogo kweli. Tulisimama tumebanana, viwiko vikigusana, na wageni wakala samaki wao wakizungumza kwa sauti ndogo, na hakuna aliyelalamika juu ya kelele. Chujio lilifungua na kufumba. Shefu aliniangalia mara moja, akaridhika, hakuniangalia tena. Kulikuwa na mlango wa kioo uliotazama bustani, na wahudumu walikuwa wakiusukuma kwa bega wakipita na sinia. Kila ulipofunguliwa niliinua macho. Niliona taa za bustani, na dereva wa mtu akivuta sigara, na kiti kitupu, na mara moja niliona mtu amesimama kwenye kivuli cha ukuta, lakini mlango ukajifunga kabla sijajua ni nani. Katika kuchungulia nilidondosha noti mbili nzima. Hakuna mlaji aliyeinua kichwa.